Zizi Linapogeuka Nyumba

Barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, ikishaipita Magu, huingia wilaya ya Busega mkoani Simiyu. Hapo abiria aliyekaa dirishani huanza kuona kitu ambacho wengi hawakitazami mara mbili. Ni ua wa minyaa, kijani hata wakati wa kiangazi kikali, umezunguka uwanja mpana. Ndani ya ua kuna nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati linalong'aa, pembeni nyumba ya udongo iliyoanza kuinama, na katikati mahali peusi palipokanyagwa kwa miaka mingi. Hapo ndipo zizini. Mara nyingine zizi bado lina ng'ombe. Mara nyingine lina msingi wa nyumba mpya.

Mwamanyili ni moja ya kata za Busega, na jina lake lina habari ya kutosha kuanzia. Kwa Wasukuma, majina ya mahali yanayoanza na Mwa- huashiria kwa fulani, na ukitembea Usukuma utakutana nayo mpaka uchanganyikiwe: Mwamapalala, Mwamashimba, Mwanhuzi. Maana yake ni kwamba kabla ya kuwa kijiji, na kabla ya kuwa kata yenye ofisi na bendera, mahali pa namna hii palijulikana kwa kaya ya mtu. Mkoa wa Simiyu wenyewe ni wa juzi tu, ulianzishwa mwaka 2012, makao makuu yake Bariadi. Kabla ya hapo Busega ilikuwa upande wa Magu, mkoa wa Mwanza. Mtu aliyezaliwa Mwamanyili amehama mkoa bila kuhama kaya.

Sasa tuiangalie kaya hiyo kama jengo, kwa sababu ni jengo, ingawa haina mchoro wala hati ya mhandisi.

Huko Ulaya matajiri wa zamani walijenga nyumba kubwa mashambani, na kando ya nyumba wakajenga mabanda ya farasi ambayo leo yangetosha kuwa shule. Kule Chatsworth, Uingereza, mabanda yaliyochorwa na James Paine katikati ya karne ya 18 yaliwekwa farasi 80. Chantilly, Ufaransa, kuna mabanda yaliyojengwa kuanzia 1719 kwa ajili ya farasi 240, na mgeni asiyejua hudhani ndiyo ikulu yenyewe. London mjini farasi walikaa kwenye vichochoro vya nyuma vinavyoitwa mews: chini farasi na gari lake, juu nyasi kavu na mtumishi na familia yake. Motokaa zilipokuja farasi wakaondoka, mabanda yakabaki matupu, na polepole watu wakahamia. Leo nyumba ya mews huuzwa kwa bei ambayo yule mtumishi wa farasi asingeiota. Huko mashambani pia mabanda mengi yamekatwakatwa kuwa nyumba za kupangisha na kuuza, mlango mpana wa gari la farasi ukawa dirisha la sebule.

Usukuma haukujenga mabanda ya farasi. Mbung'o na ugonjwa wa ndorobo vilihakikisha hivyo, kwani farasi hadumu katika nchi ya mbung'o. Mnyama aliyepewa heshima ya kujengewa kitovu cha makazi alikuwa ng'ombe. Na tofauti moja kubwa na wale mabwana wa Ulaya ni hii: wao waliweka banda kando, mbali kidogo na pua zao. Msukuma aliweka zizi katikati, nyumba zikalizunguka.

Kaya ya zamani ilianza na ua. Mnyaa hupandwa kwa kukata tawi na kulichomeka ardhini, hauombi maji wala mbolea, na utomvu wake mweupe unaweza kuumiza macho vibaya, hivyo mnyama hauli na mwizi haupendi. Kwenye ua huachwa lango moja linalozibwa usiku kwa magogo ya kupitisha. Ukiingia unakutana na uwanja wa ng'ombe, na karibu na hapo shikome, mahali pa moto wa jioni ambapo wanaume wa kaya waliota moto wa samadi kavu na mifugo ikiwa mbele ya macho yao. Moshi wa samadi hufukuza mbu na nzi. Hapo ndipo kijana alipojifunza kutaja ng'ombe kwa rangi na pembe zake, kujua nani anamdai nani, na kusikiliza mashauri ya ndoa ambayo huenda yalimhusu yeye mwenyewe. Mahari ilihesabiwa kwa ng'ombe, na ng'ombe wenyewe walikuwa hapo hapo wakicheua.

Nyumba ilikuwa msonge: duara la nguzo zilizochimbiwa, fito zikafungwa kwa kamba za magome, udongo ukakandikwa, na juu paa la nyasi lililochongoka likishuka mpaka karibu na ardhi. Chini ya ukingo wa paa kulikuwa na kivuli cha kuzunguka nyumba nzima, ambacho kililinda ukuta wa udongo usiloe mvua. Nyumba kubwa ilikuwa na duara ndani ya duara. Ndani kabisa palilazwa watu; katika ukumbi wa kuzunguka palikaa jiko, jiwe la kusagia, vyungu, na usiku ndama na mbuzi. Ng'ambo ya ziwa, kwa Wahaya, msonge wao mkubwa nao uligawa nafasi kati ya watu na ng'ombe chini ya paa moja. Kwa hiyo mtu akisema mababu walilala na wanyama, asiseme kwa dharau. Joto la ndama wakati wa usiku wa baridi lilikuwa halina gharama, na chui au fisi alitakiwa kwanza apite kwa mwenye nyumba.

Sakafu ilipakwa samadi mbichi iliyochanganywa na udongo au majivu, kazi ya wanawake, tena ya kurudiwa mara kwa mara. Ikikauka haina harufu kama asiyeijua anavyodhani, na haitoi vumbi. Nje vihenge vya nafaka vilisimama juu ya mawe au magogo ili mchwa wasipande. Hesabu ya utajiri wa kaya ilisomeka langoni tu: vihenge vingapi, samadi ina kina gani.

Mpangilio huu haukukaa kama ulivyo milele. Miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Mazizi yalipokosa ng'ombe, malisho yaligeuka vichaka, na vichaka vikaleta mbung'o. Baadaye wakati wa Waingereza, Usukuma na Shinyanga vikawa mahali pa kampeni kubwa za kufyeka vichaka ili kumrudisha mdudu huyo nyuma. Halafu kuanzia 1947 ukaja mpango wa maendeleo ya Usukuma, ambao kati ya mengine ulitaka mifugo ipunguzwe. Kwa ofisa, ng'ombe walikuwa wengi mno kwa ardhi ile. Kwa mwenye kaya, kumwambia apunguze ng'ombe kulikuwa kama kumwambia abomoe ukuta wa nyumba yake. Chuki iliyotokana na hilo ilisaidia siasa za kudai uhuru kuota mizizi kanda ya ziwa.

Pigo lililobadilisha umbo la kaya kwa haraka zaidi lilikuja baada ya uhuru. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kufikia mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Operesheni Vijiji ilifika Usukuma mwaka 1974. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na ua wake na malisho yake nyuma, ziliwekwa kwenye mistari. Shule, kisima na zahanati vilikuwa karibu, na hilo ni jambo la haki kulikiri. Lakini kiwanja cha mstari hakikupimwa kwa ajili ya ng'ombe 60. Zizi likabanwa, au likahamishiwa mbali, au kundi likagawanywa kwa ndugu. Huko nyuma yalibaki mahame: duara la minyaa lisilo na nyumba ndani, ardhi nyeusi yenye rutuba, na mahindi yaliyostawi kuliko ya jirani kwa sababu ya samadi ya babu. Baada ya miaka michache wengi walirudi kwenye mahame yao, wengine hawakurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulipozidi, Sungusungu wakazaliwa Usukuma na Unyamwezi, mishale na filimbi mkononi, kulinda mazizi ambayo ua wa minyaa peke yake haukuweza tena kuyalinda.

Katikati ya hayo yote kulikuwa na pamba. Chama kikuu cha Victoria Federation, kilichoanzishwa 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, kilikusanya pamba ya wakulima wa kanda ya ziwa na kuwalipa fedha taslimu. Fedha ya pamba kwanza ilinunua ng'ombe. Baadaye mkondo uligeuka: ng'ombe akauzwa, bati likanunuliwa. Hapa ndipo ubadilishaji wa Usukuma unapopita ule wa London kwa uhalisi. London watu waliingia katika jengo lililoachwa na farasi. Busega ng'ombe mwenyewe ndiye anayegeuzwa nyumba: mmoja mabati, mwingine saruji na mlango wa chuma, na mtamba uliokuwa ukitegemewa kuzaa ukaishia kwenye madirisha.

Nyumba hiyo mpya inajengwa wapi? Kiwanja cha kaya kimegawanywa kwa wana. Uwanja uliosafishwa tayari, usio na mti wala kisiki, tena ulio katikati ya ua, ni zizi la zamani. Kijana anayetaka kujenga haraka hupaona hapo pamekaa vizuri. Mafundi wenye uzoefu hawafurahi wakionyeshwa eneo hilo, na wana sababu.

Sababu ya kwanza ni samadi yenyewe. Zizi la miaka 30 limejaa tabaka laini ambalo hubonyea. Msingi ukiwekwa juu yake, nyumba huzama upande mmoja na ufa hupanda kutoka kona ya dirisha. Lazima samadi yote ichimbwe mpaka udongo mgumu, kazi ambayo mwenye haraka huiruka kwa sababu haionekani nyumba ikiisha. Samadi iliyochimbwa isitupwe; ipelekwe shambani, maana ni mali.

Sababu ya pili ni chumvi. Mkojo wa mifugo huacha chumvi ardhini, na maji yanapopanda ndani ya tofali huipeleka juu. Ukuta hutoa unga mweupe, lipu huvimba na kubanduka, rangi haishiki hata ukipaka mara tatu. Wala hili si balaa la Usukuma peke yake. Wanaogeuza mabanda ya farasi kuwa nyumba huko Uingereza wanapambana nalo vilevile, katika kuta za mawe za kifahari, miongo mingi baada ya farasi wa mwisho kutoka. Dawa yake huanzia chini: kuondoa udongo ulioshiba chumvi na kuweka karatasi ya nailoni nzito au tabaka la saruji lisilopitisha maji juu ya msingi, kabla tofali la kwanza la ukuta halijapandishwa. Kupaka rangi juu ya chumvi ni kutupa fedha.

Ya tatu inahusu udongo wa nchi nzima, si zizi tu. Usukuma una miinuko ya mchanga na mabonde ya mbuga, ule udongo mweusi mzito unaopasuka wakati wa kiangazi mpaka mguu wa ndama unazama, na kuvimba mvua zikija. Wazee walijenga kwenye miinuko na kuliachia bonde mpunga na malisho. Nyumba ya nguzo na fito iliweza kujipinda kidogo bila kuvunjika. Nyumba ya tofali haijipindi, inapasuka. Viwanja vya bei nafuu vinavyouzwa leo kando ya barabara mara nyingi ni vya mbuga, na mnunuzi hugundua mwaka wa pili.

Baada ya lawama hizo, bati lipewe sifa yake. Paa la nyasi ni la kurudiwa kila baada ya miaka michache, na nyasi za kuezekea zimekuwa adimu kwa sababu malisho yanalishwa mpaka mizizi. Ni ngitili tu, yale malisho yaliyofungwa ambayo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga uliyafufua kuanzia 1986, ndizo zinazoonyesha nyasi ndefu za kutosha. Nyasi huungua, na nyumba ya msonge ikishika moto haiachi kitu. Bati pia huvuna maji. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya paa lenye eneo la mita 50 za mraba humwaga lita 1,000, na mama anayefuata maji kisimani anajua ni ndoo ngapi hizo. Kasoro ni joto la mchana na kelele ya mvua inayozima mazungumzo. Zote mbili hupungua sana kukiwa na dari, madirisha yanayotazamana, na paa linalotokeza nje vya kutosha kutia ukuta kivuli, kama msonge ulivyofanya. Jambo la kusikitisha ni kwamba nyumba nyingi mpya zimekatwa paa usawa wa ukuta ili kubana bati mbili au tatu.

Na je, ng'ombe? Kumtoa mnyama ndani ya nyumba ya kulala ni hatua njema, na asitokee mtu wa kuililia. Homa ya kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe humpata binadamu pia, hasa kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa kushika mnyama anayezaa bila kujikinga. Moshi wa jiko uliofungiwa ndani ya duara uliumiza macho na mapafu ya wanawake kwa vizazi. Ila zizi likihamishwa mbali na kaya, kuna kinachohama nalo. Mlinzi lazima alale huko, na mara nyingi ni kijana aliyetakiwa kuwa shuleni asubuhi. Samadi haifiki tena bustanini. Na mama mjane, ambaye mifugo ikiwa uani aliihesabu kila jioni kwa macho yake, sasa anahesabiwa kwa simu. Familia nyingi zimegombana hapo, si kwa sababu ya nyumba mpya, bali kwa sababu zizi lilipoondoka hakuna aliyekaa chini kusema ng'ombe gani ni wa nani, nani anakamua, na sehemu ya mama iko wapi. Wana wakiitana kugawana uwanja, hesabu hiyo ifanyike kabla kamba ya fundi haijavutwa, mama akiwepo na mabinti wakiwepo. Binti naye ni mtoto wa kaya ile.

Anayetaka kuona kaya ya zamani ilivyokuwa anaweza kufika Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Makumbusho ya Wasukuma hapo yana mizizi katika miaka ya 1950, kazi ya padri David Clement kutoka Quebec, Kanada, pamoja na wazee wa Kisukuma. Kanisa lake ni la duara, na jengo la kumbukumbu za watemi limepewa umbo la kiti cha mtemi, ndani mna ngoma zao. Utemi ulifutwa kisheria 1963, na ikulu nyingi za watemi zimebaki mawe machache na mti, hivyo ni heri ngoma zilipata mahali. Hata hivyo nyumba ya makumbusho haina moshi jikoni wala mtoto anayelia, na haimwambii mgeni jinsi watu walivyopishana mlangoni na ndama.

Sheria haitaisaidia kaya ya kawaida. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda majengo yaliyosimamishwa kabla ya 1863. Ngome ya mawe ya pwani hufikisha umri huo. Nyumba ya fito na nyasi haifiki hata ikitunzwa vipi, kwa kuwa ilikusudiwa kujengwa upya na kila kizazi. Mwingereza anayegeuza banda la farasi lililoorodheshwa huambiwa na halmashauri asiguse tao la mlango. Kijana wa Mwamanyili hana wa kumwambia asing'oe minyaa ya babu yake, isipokuwa nyumbani kwao.

Wapo wasioing'oa. Wanapanga nyumba ya bati upande wa juu wa uwanja, mlango ukitazama lango la zamani, jiko likitengwa nje, zizi jipya dogo likiwekwa upande ambao upepo hauleti harufu nyumbani. Kundi kubwa liko machungani mbali, lakini maksai wawili au wanne hawapelekwi huko. Wanahitajika alfajiri kuvuta jembe kwenye shamba la pamba, na mkokoteni wa maji haujivuti. Wanalala ndani ya ua ule ule wa minyaa. Magogo ya lango yanatolewa kwanza kwa ajili yao, kisha ndipo pikipiki inapita.